Mlio wa kugonga kwenye Corolla ya mwaka 1998: uchambuzi wa kisa kimoja cha Iringa

Gari linalohusika ni Toyota Corolla AE110 ya mwaka 1998, yenye injini ya 5A-FE ya sentimita za ujazo 1,498 na giaboksi ya otomatiki. Mwenye gari ni mwalimu mstaafu anayeishi Iringa, ambaye hulitumia kwa mizunguko ya mjini na, mara mojamoja, hushuka nalo mlima wa Kitonga kwenda Morogoro au Dar es Salaam. Malalamiko yake yalikuwa mafupi na yaliyoeleweka: injini inagonga ikishapata moto, hasa gari linaposimama kwenye sailensa (injini ikizunguka taratibu bila kukanyagwa eksileta), na mlio hupungua au hupotea kabisa gari likishika mwendo.

Mafundi wawili walikuwa wamekwisha kulisikiliza gari hili. Wa kwanza alisema beringi za konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki, yaani mhimili mkuu unaozunguka wa injini) zimekwisha, akamwaga oili na kuweka nzito ya 20W-50 pamoja na chupa ya dawa ya kupunguza kelele. Wa pili alikubaliana naye kuhusu beringi, lakini akaongeza kwamba kuchonga krenki na kufanya ovahoo ya injini ya umri huo ni kupoteza pesa, hivyo akashauri inunuliwe injini nyingine ya mtumba. Hakuna kati yao aliyepima kitu chochote. Walisikiliza, wakatoa hukumu, na mwalimu akaanza kutafuta mnunuzi wa kipande chake cha shamba ili apate pesa ya injini.

"Fundi, usinifiche. Injini imekufa?" aliniuliza kabla hata ya kunipa ufunguo.

"Mwalimu, bado sijajua, na sitakwambia neno mpaka nipime," nilimjibu, naye akakubali kuliacha gari.

Nilianza na historia, kwa sababu injini haianzi kugonga bila kisa. Mlio ulianza lini? Gari lilifanyiwa nini kabla ya hapo? Kwa muda mrefu gari lilikuwa likivujisha oili kwa nyuma, pale injini inapoungana na giaboksi, mpaka taa ya oili ikawahi kuwaka mara moja kwenye kona. Baadaye giaboksi ilishushwa katika gereji moja, sili ya nyuma ya krenki ikabadilishwa, na uvujaji ukakoma. Mlio ulianza wiki chache baada ya kazi hiyo.

Maelezo hayo yana thamani kubwa, ila ni rahisi kuyasoma upande mmoja tu. Fundi anayeamini kwamba beringi zimekufa atasema kuwa oili ilipungua, beringi zikakosa ulainishaji, na madhara yamejitokeza sasa. Fundi anayetilia shaka kazi ya kushusha giaboksi atasema kuwa kuna kitu hakikurudishwa sawasawa. Maelezo yote mawili yanakubaliana na tarehe zilezile. Historia ilinipa watuhumiwa wawili wenye uzito unaokaribiana, na kazi yote iliyofuata ilikuwa kutafuta vipimo ambavyo vingewatenganisha, kwa kuanza na vile visivyohitaji kufungua injini.

Ni vizuri kueleza kwa nini beringi ya konrodi hugonga, kwa sababu tabia yake ndiyo inayoitambulisha. Kati ya beringi na shingo ya krenki huwa na nafasi ndogo sana, kiasi cha milimita 0.02 hadi 0.05 kwa injini za aina hii, na nafasi hiyo hujazwa na utando wa oili yenye presha. Beringi ikilika, nafasi hupanuka, oili hutoroka pembeni kwa urahisi, presha hushuka, na konrodi huanza kuipiga shingo kila nguvu inayoisukuma inapogeuka. Kwa hiyo beringi iliyokwisha huacha dalili nyingine zaidi ya kelele. Presha ya oili hushuka, hasa injini ikiwa moto. Chembe za metali huonekana kwenye oili na kwenye filta. Mlio wenyewe huwa wazi zaidi mzunguko unapopanda, na mara nyingi husikika vizuri pale unapoiachia eksileta ukiwa kwenye mizunguko 2,000 hivi kwa dakika. Na silinda yenye konrodi mbovu ikizimwa, mlio hubadilika, kwa kuwa mlipuko uliokuwa ukiisukuma ile konrodi haupo tena.

Nilianza na oili, na hapa ilinibidi kwanza kuondoa alichokiweka fundi wa kwanza. Oili nzito na dawa za kuongeza uzito huficha kelele, na zaidi ya hapo hupandisha kipimo cha presha, hivyo mita inaweza kukuonyesha injini nzima wakati ndani beringi zinaisha. Niliimwaga yote kwenye beseni safi injini ikiwa vuguvugu, nikaiacha itulie, kisha nikaichunguza kwenye mwanga wa jua kwa kuizungusha taratibu. Haikuwa na ule mng'aro wa unga wa fedha unaoonekana pale beringi inapojisaga. Niliikata filta, nikaikunjua ile karatasi yake, nikaipitisha kwenye kitambaa cheupe. Palikuwa na chembe chache sana, na karibu zote zilinaswa na sumaku, maana yake ni chuma cha uchakavu wa kawaida, kwa kuwa metali ya beringi za konrodi haishikwi na sumaku. Nikaweka filta mpya na oili ya 10W-30.

Baada ya hapo nilifungua swichi ya presha ya oili kwenye bloku na kufunga mita mahali pake. Injini ilipashwa moto mpaka feni ya rejeta ikawaka na kuzima zaidi ya mara moja, kwa sababu kipimo cha presha kwenye injini baridi hakithibitishi chochote. Kiwango cha kiwanda kwa familia hii ya injini ni angalau kilopaskali 49 kwenye sailensa, na kati ya 245 na 490 kwenye mizunguko 3,000. Mita ilisoma 130 kwenye sailensa na 340 kwenye mizunguko 3,000, tena kwa oili nyepesi. Wakati wote huo injini ilikuwa inagonga mbele yangu, sauti ileile aliyoielezea mwalimu.

Kipimo hicho kilimwondolea mtuhumiwa wa kwanza sehemu kubwa ya tuhuma, ingawa si zote. Beringi moja kati ya nne inaweza kuwa mbovu huku presha ya jumla ikibaki nzuri, kwa kuwa pampu yenye afya hufidia. Kama presha ingekuwa chini, ningeshusha sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, siku hiyohiyo, nikapima nafasi ya kila beringi, na kama ingezidi milimita 0.08 mazungumzo ya kuchonga krenki yangekuwa halali. Kwa vile haikuwa hivyo, niliendelea kupima nikiwa nje ya injini.

Kipimo kilichofuata kilikuwa cha kuzima silinda moja moja. Mafundi wengi huchomoa waya za plagi injini ikiwaka. Mimi kwa injini zenye mfumo wa kielektroniki wa mafuta huchomoa plagi ya umeme ya kila nozeli, ile inayopuliza petroli, badala yake, kwa sababu ukizima cheche tu, petroli huendelea kuingia bila kuungua, huosha oili kwenye kuta za silinda na kwenda kuharibu katalisti inayosafisha moshi, na moto wa koili unaotafuta njia unaweza kumrukia fundi au kuharibu koili yenyewe. Nilizima ya kwanza, nikasikiliza, nikairudisha, kisha ya pili, ya tatu na ya nne. Kama konrodi mojawapo ingekuwa inagonga, mlio ungepungua kwenye silinda yake tu. Badala yake mlio uliongezeka, na uliongezeka kwa kiasi kilekile silinda yoyote ilipozimwa. Injini ilipotikisika zaidi kwa kukosa silinda moja, kile kilichokuwa kinagonga kiligonga kwa nguvu zaidi, bila kujali ni silinda ipi. Nadhani hicho ndicho kipimo kilichoniambia mengi kuliko vyote. Mlio usiochagua silinda si wa konrodi, wala si wa pini ya pistoni, wala si wa pistoni inayopwaya kwenye silinda yake.

Mpangilio wa mapigo nao ulielekea huko huko. Milio ya valvu na tapeti huja kwa nusu ya kasi ya krenki, kwa kuwa kamshafti, mhimili unaofungua valvu, huzunguka mara moja krenki inapozunguka mara mbili, nayo husikika ikitoka juu, nyepesi na ya mfululizo. Milio ya konrodi hufuata krenki kwa uaminifu. Huu haukufuata utaratibu wowote. Uligonga mapigo kadhaa, ukaruka, ukagonga tena kwa nguvu zaidi, kama mlango ulioachwa bila komeo wakati wa upepo. Kitu kinachogonga bila utaratibu kwenye injini inayozunguka kwa utaratibu kwa kawaida ni kitu kilicholegea, kinachosubiri mtikisiko ukitupe huku na huku.

Kulikuwa na uwezekano mwingine ambao sikutaka kuuruka. Petroli inayolipuka kabla ya wakati hutoa mlio wa kugonga unaofanana na kokoto ndani ya kopo, lakini huo hutokea injini inapobeba mzigo, kama wakati wa kupanda Kitonga kwa gia kubwa, wala hausikiki gari limesimama kwenye sailensa. Isitoshe, Iringa mjini iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya huku hupunguza tabia hiyo badala ya kuiongeza. Hata hivyo nilipima taiming, yaani wakati wa kutoka cheche, kwa sababu gari hili lina distributa, kigawa cheche, inayoweza kuzungushwa na mtu yeyote mwenye spana: niliunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye kisanduku cha uchunguzi, nikaelekeza taa ya taiming kwenye puli, na alama ikasimama kwenye nyuzi 10 kabla ya kilele cha pistoni, kama inavyotakiwa. Kisha niliondoa mikanda ya nje na kuwasha injini ili kuitoa altaneta na pampu zinazozungushwa na mikanda hiyo kwenye orodha. Fundi atakayefanya hivyo kwenye injini hizi azime ndani ya dakika moja, kwa sababu mkanda wa altaneta ndio pia unaozungusha pampu ya maji. Mlio ulibaki vilevile. Puli ya krenki nayo nilijaribu kuitikisa kwa mkono injini ikiwa imezimwa. Haikupwaya, na mpira wake ulikuwa mzima.

Sasa palibaki nyuma ya injini. Nilichukua stetoskopu ya fundi, ile yenye ncha ndefu ya chuma, nikapita kwenye kava ya valvu, kwenye ubavu wa bloku, kwenye sampu, na mwisho kwenye nyumba ya konveta, kile chombo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi ya otomatiki. Juu palikuwa na tiki ndogo ya valvu tu. Kwenye sampu mlio ulikuwa mkubwa, na hapa naamini ndipo mafundi wale wawili walipopotea. Sampu ni bati jembamba lililokaa jirani kabisa na nyumba ya giaboksi, nayo hupokea na kukuza kila mtikisiko unaotokea karibu yake. Anayelala chini ya gari na kuusikia mlio kwenye sampu atasema krenki, na hatakuwa amesema uongo kuhusu alichosikia. Lakini nilipoisogeza ile ncha kwa upana wa viganja viwili kuelekea nyuma, mlio ukawa mkali zaidi, wa chuma kwa chuma, bila ule uzito unaotokana na kupita ndani ya bloku.

Kipimo cha mwisho kabla ya kushika spana kilikuwa kuweka gia. Magurudumu yalizuiwa kwa magogo, hendibreki ikavutwa, breki ya mguu ikakanyagwa, na hapakuwa na mtu yeyote aliyesimama mbele wala nyuma ya gari. Kwenye N (gia huru) mlio ulikuwepo. Nilipoweka D (gia ya kwenda mbele), uligonga pigo moja kubwa kisha ukanyamaza. Nikarudisha N, ukarudi. Ukiweka D, konveta hubeba mzigo, na chochote kilicholegea kati yake na krenki husukumwa upande mmoja na kubanwa hapo. Konrodi mbovu nayo hubadilika kidogo mzigo ukibadilika, kwa hiyo kipimo hiki peke yake kisingetosha. Kikijumlishwa na presha nzuri, filta safi, silinda zote kujibu sawasawa, mapigo yasiyo na utaratibu na giaboksi iliyowahi kushushwa, hakikuacha nafasi kubwa ya mashaka.

Chini ya nyumba ya konveta kuna kifuniko kidogo cha bati. Nilikifungua, nikatia soketi kwenye boliti ya puli ya krenki na kuizungusha krenki taratibu kwa mkono, ili boliti zinazofunga konveta kwenye fleksipleti, sahani ya chuma iliyofungwa nyuma ya krenki, zipite mbele ya tundu moja baada ya nyingine. Ya kwanza iliyojitokeza nilizungusha kwa vidole. Iliyofuata ilikuwa imekaza. Mbele kidogo palikuwa na tundu tupu, na boliti yake niliikuta imelala kwenye vumbi jeusi chini ya nyumba, kichwa chake kimesagika upande mmoja. Kuzunguka matundu, chuma cha fleksipleti kilikuwa kimeng'arishwa na msuguano, na tundu moja lilikuwa limevutika likawa na umbo la yai.

Nilimpigia mwalimu simu aje aone kwa macho yake kabla sijagusa zaidi. Mtu aliyeambiwa na mafundi wawili kwamba injini yake imekufa ana haki ya kuonyeshwa kitu chenyewe, wala asitakiwe kuamini neno la fundi wa tatu kwa sababu tu linapendeza zaidi. Alipoona boliti ikizunguka kwa vidole, aliomba aizungushe mwenyewe.

Giaboksi ilishushwa. Fleksipleti ilipotoka ilionyesha ufa mfupi ulioanzia kwenye lile tundu lililovutika na kuelekea katikati, ambao ungeendelea mpaka sahani yote ikatike, pengine gari likiwa barabarani na mzigo. Swali lililobaki lilikuwa kwa nini boliti zililegea, kwa maana kubadilisha sahani bila kujibu swali hilo ni kuahirisha tatizo tu. Jibu lilikuwa kwenye boliti zenyewe. Nilizipanga mezani na kuona kwamba si za urefu mmoja. Kadhaa zilikuwa ndefu kwa milimita chache kuliko zile za asili, na ncha zake zilikuwa na alama ya kung'aa ya mviringo, palipokuwa pakigota mwisho wa tundu la konveta. Boliti ya namna hiyo humdanganya hata fundi makini: spana inakaza, mkono unahisi imeshika, kumbe imegota ndani na kichwa chake hakijaibana sahani. Siku ya kwanza hakuna kelele. Kila gari linapoondoka na kusimama, sahani huteleza kidogo chini ya vichwa vya boliti, matundu yanapanuka, na wiki chache baadaye mlio unaanza. Hii inaeleza kwa nini mwalimu hakusikia chochote alipolichukua gari baada ya kazi ya sili. Mara nyingi boliti za aina mbalimbali huchanganyika kwenye bakuli moja giaboksi inaposhushwa, na njia ya kuepuka hilo ni kuziweka kwenye boksi lililotobolewa matundu kwa mpangilio uleule zilivyotoka.

Konveta nilikagua matundu yake na uso wake wa mbele kwa uangalifu, kwa sababu boliti ndefu inaweza kuuvimbisha uso huo kutoka ndani. Nyuzi zilikuwa nzima na uso umenyooka. Fleksipleti nyingine ilipatikana kwenye giaboksi ya mtumba ya aina hiyohiyo, nikaikagua kwa nyufa na kuhakikisha haijapinda, na boliti zote zikawekwa za urefu wa asili. Wakati wa kurudisha, konveta lazima iingie mpaka mwisho kwenye pampu ya giaboksi kabla ya kuunganisha na injini, na hilo huhakikishwa kwa kulaza rula kwenye mdomo wa nyumba na kupima kina chake. Giaboksi ikivutwa kwa boliti wakati konveta haijaingia yote, pampu huvunjika papo hapo. Boliti za konveta zilishikizwa zote kwa vidole kwanza, ndipo zikakazwa kwa toku renchi, krenki ikizungushwa kwa mkono toka moja kwenda nyingine.

Injini iliwashwa ikiwa baridi, ikapashwa moto kwa muda uleule wa siku ya kipimo cha presha, na haikugonga kwenye N wala kwenye D. Nilizima nozeli moja moja kwa mara nyingine, kwa kuwa kipimo kilichonipa jibu ndicho nilichotaka kinithibitishie tiba. Injini ilitikisika kama inavyopaswa ikikosa silinda, bila mlio.

Ilibaki ile tiki ndogo juu. Nilifungua kava ya valvu na kupima kwa fila geji: valvu moja ya ekzosi kwenye silinda ya pili ilikuwa na nafasi ya milimita 0.40, wakati kiwango ni 0.25 hadi 0.35, na nyingine zote zilikuwa ndani ya kiwango. Valvu yenye nafasi kubwa kidogo hupiga kelele lakini haiungui. Ya kuogopwa ni ile iliyobana, ambayo haikai vizuri kwenye kiti chake na haipigi kelele yoyote mpaka iharibike. Kubadilisha shimu yake, kipande cha chuma kinachorekebisha nafasi hiyo, nimeahirisha mpaka mkanda wa taiming utakapofikia muda wake, ili kava ifunguliwe mara moja kwa kazi zote mbili. Mwalimu ameelezwa hivyo kwa maandishi, pamoja na kutakiwa alirudishe gari baada ya safari yake ya kwanza ya kushuka na kupanda Kitonga, ili kile kifuniko cha chini kifunguliwe tena na kila boliti ijaribiwe kwa spana.